Ametoka au ametoka? Mwongozo kamili wa kiimbo katika Kiswahili cha kusema

Mwaka juzi nilikuwa ndani ya daladala jijini Dar es Salaam, nimebanwa dirishani, nikamtumia shangazi yangu wa Muheza ujumbe wa sauti. Maneno yalikuwa mawili tu: "Bibi ametoka." Nilikuwa nauliza. Asubuhi ile binamu yangu alinidokeza kwamba huenda bibi akaruhusiwa hospitali, nami nikataka kujua kama imekuwa. Lakini nilisema kwa sauti ya chini ili nisiwasumbue abiria wenzangu, na neno la mwisho likazama. Shangazi akasikia habari. Akashukuru Mungu, akampigia mjomba, mjomba akawapigia wengine, kitanda kikatandikwa, kuku akachinjwa. Magharibi ikaingia, bibi hajaonekana. Alirudi siku tano baadaye, na katika siku hizo tano shangazi hakuwa na raha hata kidogo, kwa sababu aliyewaita watu ni yeye.

Nilipousikiliza tena ujumbe ule, sikuona neno lililokosewa. Kilichokosekana ni kupanda kwa sauti kwenye silabi moja: *to*. Ningeinyanyua silabi hiyo, shangazi angejibu "Bado, mwanangu," na mambo yangeishia hapo.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Wengi tulifundishwa kiimbo shuleni kama istilahi ya kukariri kwa ajili ya mtihani: "kiimbo ni upandaji na ushukaji wa sauti wakati wa kuzungumza." Ni kweli, lakini haisaidii kitu mtu anaposimama mbele ya kipaza sauti. Kwa Kiswahili, kiimbo ni sehemu ya sarufi. Kiingereza kikiuliza, mara nyingi hupindua mpangilio wa maneno. Kiswahili hakipindui. "Ametoka" na "Ametoka?" ni neno lilelile, herufi zilezile. Kwenye karatasi tunatofautisha kwa alama ya kuuliza. Mdomoni hatuna alama, tuna sauti tu. Anayesoma taarifa, anayefundisha darasani, anayeongoza shughuli, anayesoma somo kanisani au tangazo msikitini, na kila anayetuma ujumbe wa sauti, anaihitaji elimu hii.

Chukua simu yako yenye kinasa sauti, kaa mahali patulivu, tuanze.

Hatua ya 1: Tenganisha mambo manne yanayochanganywa

Mkazo ni nguvu inayowekwa kwenye silabi moja ya neno. Toni ni kupanda au kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno lenyewe. Kiimbo ni wimbo wa sentensi nzima. Lafudhi ni namna ya kutamka inayoonyesha mtu katoka wapi au lugha yake ya kwanza ni ipi.

Lugha nyingi za Kibantu zina toni. Kilingala ni mfano ambao wasomaji wa Kongo wanaujua vizuri: *moto* ikitamkwa kwa sauti ya chini mwanzo hadi mwisho ni mtu, na sauti ikipanda kwenye silabi ya mwisho ni kichwa. Kikuyu kina toni, Kichaga kina toni. Mbali na kwetu, Kichina cha Mandarin kina silabi *ma* inayoweza kuwa mama, katani, farasi au kukemea, kutegemea sauti ilivyokwenda. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Hasara haipo: kwa kuwa sauti haikufungwa kwenye maneno, iko huru kufanya kazi kwenye sentensi. Ndiyo kazi tunayoifuata hapa.

Lafudhi tuiweke kando kabisa. Mtu wa Lamu, wa Kigoma na wa Lubumbashi wana ladha tofauti za sauti, na hakuna haja ya yeyote kuiga wa mwenzake. Nimesikia vijana wenye sauti nzuri sana wakiiharibu kwa kujilazimisha kusema kama mtu wa Unguja. Kinachohitajika ni kwamba swali lako lisikike swali na habari yako isikike habari.

Hatua ya 2: Ijue silabi ya pili kutoka mwisho

Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. *Nyumba*: NYU-mba. Ukiongeza *-ni*, mkazo unahama: nyu-MBA-ni. *Mwalimu*: mwa-LI-mu. Silabi hiyo huvutwa kidogo kuliko nyingine, na ndiyo jukwaa la kiimbo. Sauti ikipanda au kushuka kwa maana, mara nyingi hufanya hivyo hapo.

Usisahau kwamba *m* na *n* zinaweza kuwa silabi kamili. Katika *mtu*, silabi ni mbili, m-tu, na mkazo umekaa juu ya *m*. Vivyo hivyo *nchi*, *mbwa* na *nne*. Jaribu sasa: uliza "Mtu?" kama vile umesikia kishindo nje usiku. Utaona midomo imefungwa, na bado sauti imepanda ndani ya *m*. Wanaojifunza Kiswahili ukubwani hushindwa hapa, kwa sababu hukimbilia kuipandisha *tu*.

Lugha yenyewe inaijali silabi hii kiasi cha kuijengea nafasi. Umewahi kujiuliza kwa nini tunasema *anakula* na *amekuja*, lakini *akila* na *haji*? Ile *ku* imebaki katika *anakula* kwa sababu *-na-* na *-me-* hazibebi mkazo. Bila *ku*, mkazo ungeangukia kiambishi kisichoweza kuupokea. *Ki* inaweza, *ha* inaweza, kwa hiyo hapo *ku* haihitajiki. Mimi nilisema Kiswahili miaka mingi bila kuliona jambo hili, na siku nilipolielewa nililiheshimu zaidi neno *amekuja*.

Yapo maneno machache, mengi yenye asili ya Kiarabu, ambayo mkazo wake ukihama maana inahama. Ba-ra-BA-ra ni njia ya magari. Ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa. Wa-la-KI-ni ni kasoro, wa-LA-ki-ni ni lakini. Yakariri, hayazidi vidole vya mkono kwa matumizi ya kila siku.

Hatua ya 3: Tamko, swali na amri kwa maneno yaleyale

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Ukiiweza, nusu ya kazi imekwisha.

Anza na tamko: *Wageni wamefika.* Sauti inaanza juu kiasi, inashuka ngazi kwa ngazi. Silabi *fi* inavutika lakini haipandi; *ka* inazama, wakati mwingine karibu isisikike.

Sasa swali la ndiyo au hapana: *Wageni wamefika?* Sauti haishuki njiani. Inabaki imesimama, halafu inaruka kwenye *fi*, juu kuliko silabi zote zilizotangulia, kisha *ka* inaanguka ghafla. Sikiliza vizuri hapo: katika swali la kawaida, silabi ya mwisho mara nyingi haibaki juu. Kinachotambulisha swali ni ule mruko wa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiipandisha silabi ya mwisho na kuiacha ikining'inia, unaongeza jambo jingine juu ya swali, mshangao au kutokuamini: "Wamefikaaa? Saa hizi?"

Swali lenye neno la kuuliza halihitaji jitihada hiyo. *Unakwenda wapi?* *Nani amekuja?* Neno lenyewe limekwisha sema kwamba ni swali, kwa hiyo kilele kinakaa juu ya *wa* ya *wapi* au *na* ya *nani*, na kwingine sauti inatulia. Ukiipandisha mno "Unakwenda wapiii?", anayesikia atadhani hukumsikia mara ya kwanza, au kwamba hutaki aende. *Je* mwanzoni mwa sentensi hufanya kazi ileile ya kupunguza mzigo: "Je, wageni wamefika?" inaeleweka hata ikisomwa kwa utulivu. Ningekuwa nimesema "Je, bibi ametoka?" ndani ya daladala ile, shangazi asingekosea. Kwenye simu mbovu au mahali pa kelele, itumie *je*.

Vitenzi vya kutaka na kuomba ruhusa vinabeba maana tatu hadi nne. *Tuondoke.* Ikishuka taratibu, ni ushauri uliokwisha kukubaliwa. *Tuondoke?* ni kuomba idhini. *Tuondoke!*, silabi *ndo* ikipigwa kwa nguvu na fupi, ni amri ya mtu aliyeona moshi. Mhudumu akikuuliza "Nilete?" akashusha sauti, utasikia amekwisha amua kuleta.

Halafu kuna *si*, ambayo naipenda kuliko zote. Soma sentensi hii: *Si mwalimu huyu.* Ikishuka moja kwa moja, unakanusha: huyu hafundishi. *Si mwalimu huyu?* kwa kupanda kwenye *hu*: unataka mwenzako akubaliane nawe kwamba ndiye. *Si mwalimu huyu!* kwa kuanza juu kabisa na kuporomoka: mwalimu tuliyekuwa tunamtafuta kumbe yuko hapa mbele yetu! Kukanusha, kuuliza na kuthibitisha, kwa maneno matatu yasiyobadilika. Kwenye maandishi ukikosa alama, msomaji hana pa kushika.

*Eti* nayo ni hivyo. "Eti amekuja," bila kusimama, kwa sauti ya chini: wanasema, mimi simo. "Eti, amekuja?" ukisimama baada ya *eti* na kupandisha *ku*: hebu niambie.

Zoezi: nasa sauti yako ukisema *Mama amelala, Watoto wamekula, Mvua imekatika, Hela imetumwa*, kila moja kama tamko kisha kama swali, kwa mpangilio wa kuchanganya. Usizisikilize siku hiyo. Zisikilize kesho, uandike T au S bila kukumbuka ulivyokusudia. Pale utakapositasita, ndipo msikilizaji wako naye anapositasita.

Hatua ya 4: Mahali pa kusimama

*Mama Asha amerudi.*

Mama yake Asha amerudi, au Asha amerudi na mama ndiye anayeambiwa? Kwetu sisi tunaowaita wazazi kwa majina ya watoto wao, koma hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Ukisema *Mama Asha* kwa pumzi moja, neno *Mama* linapoteza kilele chake na sauti inaruka moja kwa moja hadi *A* ya *Asha*. Ukimwita mama, *Mama* inapata wimbo wake wenyewe, inapanda kidogo mwishoni, inasimama, kisha habari inaanza upya: *Mama, / Asha amerudi.* Kusimama kwenyewe ni kufupi sana. Watu wengi hudhani kinachotenganisha ni ukimya, lakini mara nyingi ni ule wimbo unaoanza upya.

Mfano mwingine wa usiku: mnaona kivuli uani. Mmoja anauliza, "Ni mbwa?" Mwingine anajibu, *Hapana mtu*, na wote mnarudi kulala. Au anajibu, *Hapana, mtu!*, na hakuna anayelala. Ya kwanza inasema hakuna binadamu pale. Ya pili inasema yuko.

Waongozaji wa shughuli waangalie vishazi vya *amba-* na *-o-*. "Wageni waliotoka Mombasa watakula kwanza," kwa pumzi moja, maana yake wapo wageni wengine watakaosubiri. "Wageni, / waliotoka Mombasa, / watakula kwanza," maana yake wageni wote walitoka Mombasa na wote watakula kwanza. Nimeona watu wakibaki wamesimama na sahani mikononi kwa sababu ya pumzi iliyokaa mahali pasipofaa.

Na hii ina hatari zaidi: *Sikumwacha kwa sababu hana kazi.* Ukisimama baada ya *sikumwacha* na kuishusha sauti hapo, bado mko pamoja, na kukosa kwake kazi ndiko kulikokufanya ubaki. Ukiunganisha yote na kuacha sauti ikiwa juu mwishoni, mmeachana, ila sababu ni nyingine. Kama jambo ni zito kiasi hiki, ushauri wangu ni kwamba usiitegemee sauti peke yake. Ivunje sentensi: "Nilimwacha, lakini si kwa sababu hana kazi."

Kwa sentensi ndefu, kanuni ni nyepesi: ambacho hakijaisha kinabaki juu, kilichoisha kinashuka. "Ukimwona ↗ mwambie aje ↘." "Nimenunua vitunguu ↗ nyanya ↗ bamia ↗ na nazi ↘." Anayeshusha sauti kwenye *nyanya* amewaambia wasikilizaji kwamba orodha imekwisha, na bamia inawakuta wameshageukia mengine. Kosa la siku hizi ni kinyume chake: wasomaji, hasa kwenye video fupi za mtandaoni, wanaopandisha kila mwisho wa sentensi kama vile hakuna kinachoisha. Msikilizaji anachoka bila kujua kinachomchosha.

Methali ndiyo mwalimu bora wa jambo hili, kwa sababu nyingi zimekatika katikati. "Mtaka cha mvunguni ↗ sharti ainame ↘." "Asiyesikia la mkuu ↗ huvunjika guu ↘." Mwalimu akitamka darasani "Haba na haba…" na kuiacha juu, watoto wenyewe hujaza "hujaza kibaba" kwa kushuka. Hata nusu ya neno hutosha: "Makao makuu ya nchi ni Do…?" na darasa zima, "…doma!" Hakuna aliyewafundisha watoto hao kanuni, wanasikia tu kwamba sauti imewaachia mlango wazi. "Paukwa!" hudai "Pakawa!" kwa njia hiyohiyo, na "Kitendawili!" hudai "Tega!"

Hatua ya 5: Kusisitiza bila kupiga kelele

Hapa naona tatizo kubwa katika matangazo ya biashara na katika habari zilizotafsiriwa. Kiingereza husisitiza neno lolote kwa kulitamka kwa nguvu pale lilipo. Msomaji wetu anaikuta tafsiri, anaona neno muhimu, analigonga: "Nilimpa REHEMA ufunguo." Linasikika kama ugomvi.

Kiswahili kina njia zake, na nyingi ziko kwenye muundo wa sentensi. Kama hoja ni Rehema: "Ni Rehema niliyempa ufunguo." Kama ni ufunguo: "Ufunguo ndio niliompa Rehema." Kama ni mimi: "Mimi ndiye niliyempa." Kama ni kwamba kweli nilimpa, wala sikukaa nao: "Kumpa nilimpa." Sentensi ikishapangwa hivyo, kiimbo kinajileta chenyewe. Kilele kinakaa kwenye kiini kilichotangulizwa na mengine yanafuata kwa utulivu. Hata kutaja *mimi* pale ambapo *ni-* ingetosha tayari ni msisitizo: "Mimi sikusema hivyo" ina kidole kinachonyooshwa kwa mwingine aliyesema.

Kwa hiyo hatua yenyewe ni hii: kabla ya kusoma kwa sauti, tafuta kila mahali ulipotaka kugonga neno, uulize kama *ni*, *ndiye*, *ndio*, *hata*, *tu* au kuhamisha neno kungefanya kazi hiyo. Kama unaruhusiwa kurekebisha maandishi, rekebisha. Mimi hurekebisha kila mara.

Hatua ya 6: Kuvuta irabu

"Alikaa pale" na "alikaa paleee" si mahali pamoja. Kadiri irabu ya mwisho inavyovutwa na kupandishwa, ndivyo umbali unavyoongezeka. *Kuleee* ni ng'ambo ya mto, *zamaniii* ni enzi za babu wa babu. Ni mojawapo ya sehemu chache ambapo silabi ya mwisho inapewa heshima yote. Msimulizi mzuri huinyoosha na shingo.

Tanakali za sauti zinakaa jirani: *kimya jii, nyeusi tititi, nyeupe pepepe, giza totoro, akalala fofofo.* Hizi hazitaki kusomwa kama maneno ya kawaida. Zina sauti yao iliyojitenga, na kabla yake panatakiwa ukimya mdogo sana: "Nyumba nzima kimya… jiii." Ukizisoma kwa wimbo wa sentensi iliyotangulia, zinakufa.

Hatua ya 7: Neno moja, nyuso nyingi

Chukua *haya*. Fupi, ikishuka: nimekubali, tuendelee. *Haya?* ikipanda kwenye *ha*: umeelewa, tumepatana? *Haya haya haya!* juu na haraka: fanyeni upesi, gari linaondoka. Na kuna ile *haaaya* ya chini, ndefu, inayotoka kwa mama mzazi baada ya mtoto kukataa kwa mara ya tatu kuja kuoga. Haina neno la ukali ndani yake, lakini kila mtoto wa Afrika Mashariki anajua kinachofuata.

*Pole* nayo inahitaji kusikilizwa. Pole ya msiba ni ya chini, *po* imevutwa, na inashuka polepole kama mtu anayekaa mkekani. Pole ya aliyejikwaa ni fupi na ya juu. Ukimpelekea mfiwa pole fupi ya juu, utakuwa umemwambia kwamba jambo lake ni dogo. Wanaosoma salamu za rambirambi redioni walifanyie mazoezi neno hili peke yake kabla ya kusoma yaliyobaki.

*Asante* unapokaribishwa chakula: ikipanda na kuchangamka, unanawa. Ikishuka na kuvutwa, umeshiba au umekataa kwa adabu, na mwenyeji hatakushikilia.

Hata bila neno tunaelewana. *Mm* inayotoka chini kwenda juu ni ndiyo au endelea, *mh-mh* inayokatwa katikati na kushuka ni hapana, *eeh?* ya juu ni sikukusikia, *ehee!* ni hapohapo ulipopagusa. Mtu aliyekulia kwenye lugha hii anaweza kusikiliza mazungumzo ya simu ya mwenzake, asisikie neno hata moja zaidi ya milio hii, na bado akajua kama mambo ni mazuri.

Na kwa sababu maandishi hayana haya yote, "Sawa." peke yake kwenye ujumbe wa maandishi imeshagombanisha wengi. Aliyeandika alisikia *sawa* nyepesi kichwani mwake, aliyesoma akasikia nzito. Ukiwa na shaka, ongeza maneno: "Sawa dada, nimeelewa."

Hatua ya 8: Andaa karatasi kabla ya kusoma

Usisome maandishi yasiyo na alama zako. Tumia penseli. Mstari mmoja / ni pumziko fupi, miwili // ni ndefu. Mshale ↗ au ↘ unawekwa mwisho wa kila kipande. Pigia mstari silabi moja tu ya kilele katika kila sentensi. Ukipiga mistari mitatu, huna kilele. Tangazo dogo likishaandaliwa litakuwa hivi:

Ndugu zangu ↗ / tumepokea wageni watatu ↘ // mmoja kutoka Lamu ↗ / mmoja kutoka Kigoma ↗ / na mmoja kutoka Bukoba ↘ // Je / wote wamepata CHA-i? // Kama wapo ambao hawajapata ↗ / Mama Asha atawahudumia ↘ //

Lisome mara ya kwanza bila maneno, kwa kuguna tu: *mm-mm-mm*. Ukiguna na mwenzako akaweza kukuambia swali liko wapi na orodha imeishia wapi, wimbo wako uko sahihi na maneno yatajikalia juu yake.

Kwa mashairi, mizani itakusaidia. Mshororo wa mizani 16 umegawanyika mara mbili, nane na nane. Mwisho wa kipande cha kwanza sauti inabaki juu, mwisho wa mshororo inashuka. Ukiyaghani kwa mahadhi, hiyo ni elimu nyingine na ina wenyewe.

Hatua ya 9: Iangalie sauti yako kwa macho

Anayetaka kwenda mbali zaidi atumie programu ya Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Simu nyingi hunasa sauti kwa fomati ya m4a, kwa hiyo igeuze iwe WAV kwanza. Fungua faili, bonyeza View & Edit, na utaona mstari wa buluu ukipanda na kushuka chini ya sauti yako. Huo ndio wimbo, unapimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Sauti ya mwanamume mtu mzima huzunguka takriban hezi 120 na ya mwanamke takriban 210, kwa hiyo usishindanishe mstari wako na wa mwenzako, linganisha umbo.

Mstari utakatika kila penye *k, t, s, f* na wenzao, maana hapo nyuzi za sauti hazitetemi. Kwa majaribio ya mwanzo tumia sentensi ya sauti laini kama *Mama analima.* Nasa tamko, nasa swali, ziweke moja juu ya nyingine. Kwenye *li* ya swali utaona kilima. Kwenye tamko utaona mteremko. Ukiona mteremko katika zote mbili, unafanya kosa nililofanya mimi kwenye daladala.

Mazoezi ya wiki moja

Siku mbili za kwanza, hatua ya 3 peke yake, dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Siku ya tatu, sikiliza taarifa ya habari ya redio, kipande kimoja tu cha mtangazaji mmoja, uandike mishale yake. Wenye uzoefu wanashusha sauti kwenye kila mwisho, hata wanapokimbizana na muda. Siku ya nne na ya tano, andaa karatasi yako na uisome. Siku ya sita, simulia hadithi kwa watoto walio karibu nawe, na uwaangalie: wakijibu mahali ulipotaka wajibu, sauti imewafikia.

Siku ya saba, mtumie mtu unayemwamini sentensi kumi kwa ujumbe wa sauti, matamko na maswali mchanganyiko, bila *je* na bila maelezo. Mwombe akuandikie kila moja alivyoisikia. Mimi nilimtumia shangazi. Alipata tisa. Ile ya kumi nimeirudia hadi alipoipata.